Tangi kubwa la samaki wa baharini: ya kumaliza kabla ya samaki wa kwanza

Tangi kubwa la maji ya chumvi mara nyingi huharibikiwa kabla halijaingia samaki hata mmoja. Ukikosea chakula utarekebisha kesho. Ukikosea sakafu au mabomba, utamwaga maji yote.

Anza na uzito. Tangi la sentimita 150 kwa 60 kwa 60 huchukua lita 540, na kila lita ya maji ya bahari ina kilo 1.025. Kioo cha milimita 12 hadi 15 peke yake kinapita kilo 100. Jumlisha mawe, kabati na tangi la kuchujia linalokaa chini, unakaribia kilo 900 kwenye eneo lisilofika hata mita moja ya mraba. Sakafu ya ghorofani katika nyumba ya kuishi kwa kawaida husanifiwa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Kwa hiyo mahali pake ni chini, kwenye zege lililolala juu ya ardhi. Ikilazimu kuwa ghorofani, muulize mhandisi wa majengo; muuza tangi hawezi kukujibu swali hilo. Weka pima maji juu ya kabati likiwa tupu, halafu pima tena maji yakifika nusu. Kama limeinama, vipande vya kusawazisha huwekwa chini ya kabati, kamwe si kati ya kabati na kioo, kwa sababu kioo kikibanwa sehemu moja hupasuka.

Kosa la pili huonekana siku umeme unapokatika. Pampu inayopandisha maji kutoka tangi la chini ikisimama, bomba la kurudisha maji juu huanza kuyavuta kuyarudisha chini, na halikomi mpaka mdomo wake upate hewa. Katika tangi la vipimo hivi, kila sentimita moja ya kina ni lita 9. Mdomo ukizama sentimita 5, lita 45 zitashuka, na tangi la chini lisipokuwa na nafasi hiyo, zitaishia sakafuni. Weka mdomo wa bomba karibu na uso wa maji, toboa tundu dogo la kuingiza hewa chini kidogo ya uso huo, na usiitegemee vali ya njia moja, maana konokono mmoja au chembe ya chumvi huizuia isifunge. Kisha zima pampu kwa makusudi, mara tatu, ukitazama. Jaribio hili lifanywe kwa maji matupu, kabla ya chumvi.

Maji yawe ya mtambo wa RO (unaochuja maji kwa kuyasukuma kupita utando) wenye resini mwishoni, yaani punje zinazonasa madini yaliyobaki; kipima TDS, kifaa cha kupima vitu vilivyoyeyuka majini, kisome 0. Chumvi ya akwariamu ni gramu 36 hadi 38 kwa lita, kwa hiyo mfumo wa lita 600, tangi pamoja na lile la chini, unakula kilo 22 hivi. Chumvi ndiyo inayotiwa kwenye maji, polepole, pampu ikizungusha. Ukimwagia maji chumvi iliyorundikana, kalsiamu hugeuka unga mweupe usioyeyuka tena. Lenga chumvi ya 35 kwa elfu (gramu 35 katika kila kilo ya maji), na refraktomita, kifaa cha kupimia chumvi, uisawazishe kwa kimiminika cha 35, si kwa maji safi.

Mawe yakae juu ya kioo cha chini moja kwa moja, ndipo mchanga ufuate. Samaki na kamba wachimbaji huyachimbua mawe yaliyokalia mchanga hadi yaanguke. Hita ziwe mbili za wati 300 badala ya moja kubwa: moja ikikwama ikiwa inawaka, haitachemsha tangi lote upesi. Taa zinaweza kusubiri.

Sasa inakuja subira, na hapa ndipo wengi hushindwa. Tia amonia, ile sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, hadi miligramu 2 kwa lita, tia bakteria wanaoigeuza, na upime kila baada ya siku mbili. Amonia itashuka, nitriti, ambayo nayo ni sumu, itapanda, kisha nayo itashuka ikiiachia nitrati isiyo na sumu kali. Kwa kawaida ni wiki 4 hadi 6. Tangi liko tayari pale miligramu 2 za amonia zinapoisha ndani ya saa 24 na nitriti kusoma 0. Ukungu wa kahawia juu ya mchanga utatokea kipindi hiki. Uache, hupita wenyewe.

Maji yanayopungua kwa kugeuka mvuke ni maji matupu, chumvi hubaki. Ukipoteza lita 30 kati ya 600, 35 inakuwa karibu 37. Kwa hiyo unajazia maji ya RO yasiyo na chumvi, kila siku, au kwa kifaa cha kujazia chenyewe.

Kila samaki mpya akae kwanza mwezi mzima katika tangi dogo la pembeni. Vimelea vya madoa meupe vikiingia tangi kubwa, dawa ya shaba haifai humo: huua kamba, konokono na matumbawe, na mawe huinyonya. Itabidi samaki wote watolewe watibiwe pembeni, na tangi likae bila samaki kwa miezi miwili na nusu hivi.