Shangazi, Yule Si Mheshimiwa

Wakubwa zangu wa Morogoro, shikamooni. Nimesoma kwenye grupu la ukoo kwamba siku hizi mimi ni mtu wa mbunge huku Texas, na shangazi kaagiza nimwambie mheshimiwa wangu amshughulikie Juma viza. Yote hiyo kwa picha moja nimeshika bango pembeni ya mzungu mwenye kofia.

Yule mzungu ni fundi bomba. Anagombea Baraza la Wawakilishi la jimbo la Texas, siyo Bunge la kule Washington, na hana chama. Baraza hilo lina watu 150, vikao vya kawaida ni mwaka mmoja ndiyo mwaka mmoja hapana, mshahara dola 600 kwa mwezi. Ndiyo, 600. Mimi mbeba maboksi wa zamu ya usiku nampita. Mambo ya mkopo wa shangingi na kiinua mgongo cha wabunge wetu wa Dodoma, sahauni. Na viza ni ya serikali kuu na ubalozi wao. Hata akishinda, kwa Juma hana la kufanya.

Na hashindi, niseme tu. Kwetu Tanzania mgombea binafsi, yaani asiye na chama, haruhusiwi kabisa. Marehemu Mchungaji Mtikila, yule mwanasiasa wa upinzani, alihangaika mpaka Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu pale Arusha ikampa haki mwaka 2013, akafariki 2015 sheria ikiwa vilevile. Huku wanaruhusu, halafu wanakuchosha. Ili jina lake liingie kwenye karatasi ya kura, fundi wangu anatakiwa saini 500 za wapiga kura wa eneo lake, na aliyepiga kura za maoni za chama chochote mwezi Machi hatakiwi kumsainia. Sasa wapenda siasa wote si wameshapiga? Anabakiwa na wasiojali. Tulisimama nje ya supamaketi, jua la kuunguza, mama mmoja kaandika jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa, anarudisha kalamu ndipo anakumbuka: kumbe Machi alipiga. Mstari ukakatwa.

Maneno ya fundi wangu lakini nayapenda. Anasema mgombea wa chama cha Republican anahubiri habari za mpaka wa Mexico asubuhi hadi jioni huku kodi ya majengo inawatoa watu machozi. Yule wa chama cha Democrat naye Waafrika anatuona Oktoba tu: anaingia kanisani, anakula, anapiga picha, anatoweka mpaka uchaguzi mwingine. Kweli tupu. Pilau ile nilimpakulia mimi.

Linaloniuma ni jingine. Jamaa mmoja wa kampeni alinisogezea karatasi: na wewe saini basi. Nikamwambia mimi si raia. Akasema pole, kwa sauti ya chini, utadhani nimemtajia ugonjwa. Kodi nakatwa, bango nabeba, maji nagawa, jina langu siandiki. Na huko kwetu kadi ya mpiga kura ninayo, ila ukiwa nje ya nchi hakuna kituo cha kukupokea. Sihesabiwi huku, sihesabiwi huko, halafu mnaniita mtu wa mbunge!

Juma, mdogo wangu, usije. Kaa na pikipiki yako. Ila ukipata nafasi usiiache, njoo, kitanda kipo. Ukifika, ofisi ya leseni ya udereva watakuuliza kama unataka kuandikishwa kupiga kura. Sema hapana. Ukitia tiki kwamba wewe ni raia, kwa haraka au kwa aibu ya Kiingereza, umejifukuzisha. Watu wamerudishwa makwao kwa tiki hiyo, wengine wana watoto shuleni. Siasa za huku usiziguse. Kushika bango hakuna shida, mradi usilipwe. Na wanaokuja na pilau ya Oktoba uwaulize maswali, usiwaogope.

Hela ya bati za bibi naituma Ijumaa, nusu. Nusu nyingine mwezi ujao, na safari hii risiti ya duka niione.