Mwanangu kaingia kundi baya: nimpeleke kambi ya kunyooshwa?

SWALI: Mwanangu wa kidato cha pili alikuwa mtulivu. Sasa anavuta bangi na wenzake wa mtaani. Kuna bwana ana kambi ya wiki tatu ya kunyoosha vijana watukutu, wanalala hukohuko, ada laki tano. Nimpeleke? (Mama, Morogoro)

JIBU: Mama, usimpeleke. Kila likizo ikikaribia naulizwa swali hili, na kila mara roho inaniuma: mzazi anayekimbia kundi moja analipa laki tano kumtia mtoto kwenye kundi baya zaidi.

Wazazi wengi hudhani mtoto hushikiwa msokoto akaamriwa avute. Ni mara chache. Kinachomvuta ni kicheko. Huko Oregon, Marekani, mwanasaikolojia Thomas Dishion na wenzake waliwarekodi kwa video wavulana wa miaka 13 na 14 wakipiga soga na rafiki zao. Wale ambao visa vyao vya utukutu vilichekewa ndio ambao tabia ilizidi kuharibika baadaye. Hakuna aliyelazimishwa. Kijana anasimulia alivyomtoroka mwalimu, mwenzake anaangua kicheko, kesho anatafuta kisa kikubwa zaidi.

Sasa walaze watukutu thelathini bweni moja. Mchana kwata na mahubiri. Usiku taa zikizimwa, visa vinaanza. Marekani walijaribu hata kuwapeleka vijana magerezani ili watishwe na wafungwa. Walipolinganishwa na wenzao ambao hawakupelekwa, waliopelekwa ndio waliofanya makosa zaidi. Dawa iliyokwisha kushindwa hivyo bado inauzwa huku kwetu, na watu wasio na taaluma yoyote, wengine wakiongeza na fimbo. Hawa wanaharibu watoto wa watu.

Wala usimkatie marafiki wote. Katika miaka ya 1950, mwanasaikolojia Solomon Asch alionyesha kwamba watu wengi huafiki hata jibu la wazi la uongo kuhusu urefu wa mistari, ilimradi kundi zima limelisema. Alipoweka mtu mmoja tu wa kusema kweli, kufuata mkumbo kukapungua sana. Mtafutie huyo mmoja: binamu, au mwenzake wa timu ya mpira. Suala la bangi mpeleke hospitali ya mkoa, aonane na mshauri ana kwa ana, peke yake.

Na yeyote anayekuuzia kambi, muulize: usiku nani analala na watoto? Wiki tatu zikiisha, nani anamfuatilia mwanangu? Akikujibu kwa kukuonyesha picha za vijana waliopangwa mstari, wamevaa sare, chukua mkoba wako uondoke.