Waulize Mafundi: Kaseti za taarabu, wenzetu wa zamani na duka jipya

*Mhariri, salaam aleikum. Nimerudi Tanga baada ya miaka mingi Muscat. Wenzangu wanne tuliokuwa kikundi kimoja cha taarabu wapo hai, na kila mmoja ana sanduku la kaseti za arusi na mazoezi ya miaka ya themanini. Tunataka kufungua duka la kuhamishia kaseti kwenye kompyuta. Tumeambiwa kile kimashine kidogo cha USB kinatosha. Ni kweli?* (Msomaji, Tanga)

Aleikum salaam, kaka. Kwa kusikilizia nyumbani, sawa. Kwa kazi ya kulipwa, hapana. Mota yake ni hafifu, sauti inayumba, na kichwa chake hakirekebishiki kirahisi.

Tafuta deki ya mezani, ile iliyokuwa sehemu ya seti ya redio, yenye matundu ya kutolea sauti kwa nyuma. Nunua mbili za aina moja kama mfuko unaruhusu, maana siku moja ya pili itakuwa vipuri. Kabla ya kulipa, cheza kaseti usiyoijali kwa dakika kumi, ikiwezekana yenye akodiani. Noti ndefu ikitetemeka, belti imelegea au inayeyuka, na hiyo hubadilishwa. Kisha angalia kichwa kwa tochi. Ukiona mfereji uliochimbwa na utepe, iache deki hiyo hata ikiwa bei ya bure.

Kutoka deki hadi kompyuta tumieni waya wa RCA (ule wa plagi nyekundu na nyeupe) na kadi ya sauti ya nje, yaani kisanduku kinachoingiza sauti kwenye kompyuta, kwenye matundu yaliyoandikwa LINE. Tundu la maikrofoni huzidiwa na sauti hukwaruza, na hakuna programu itakayoirudisha. Kwa kurekodi, programu ya Audacity haina malipo na inatosha. Rekodini WAV, faili lisilobanwa, ya biti 24 na 48 kHz, vilele vya sauti vikiishia karibu na −6 dB kwenye mita ya programu. Kaseti ya C60, yaani ya dakika 60, itachukua takribani GB 1, hivyo diski ya TB 1 inabeba kaseti zipatazo 900. MP3 ni ya kumtumia mteja kwenye simu, isiwe nakala kuu.

Sasa lile linalosahaulika: kabla kaseti haijaingia ndani ya deki, vunjeni vile vipande viwili vya plastiki kwenye ukingo wa nyuma. Vikishavunjwa, deki haiwezi kurekodi juu yake. Kidole kimoja kikikosea kitufe kwenye kaseti isiyovunjwa, sauti ya marehemu wa watu imekwenda.

Kasi nayo ipimwe. Kuna kaseti za majaribio zenye mlio wa Hz 3150. Deki yako ikiutoa kwa Hz 3200, inakimbia kwa karibu asilimia 1.6, na mwimbaji atasikika mdogo kuliko alivyokuwa. Msiipime kasi kwa fidla wala udi, kwani nyuzi zilikazwa kwa sikio la siku ile. Akodiani ni shahidi bora kidogo.

*Kaseti zetu nyingine zinacheza, lakini mwimbaji ni kama amefunikwa blanketi. Kijana wetu anaongeza sauti kali kwenye kompyuta. Tumwache aendelee?* (Kikundi cha marafiki, Mombasa)

Mzuieni kwanza. Akiongeza ukali atakuza mchacharo wa utepe, na blanketi litabaki pale pale.

Mara nyingi chanzo ni pembe ya kichwa. Kaseti za arusi zilirekodiwa kwa redio kaseti za aina hamsini, na kila redio kichwa chake kilikaa kwa pembe yake. Deki yenu ikisoma kwa pembe tofauti, herufi za “s” na “sh” humezwa. Pembeni mwa kichwa pana skrubu ndogo, aghalabu yenye springi au tone la rangi. Wekeni alama ya mahali ilipo kwa rangi ya kucha, unganisheni kulia na kushoto ziwe sauti moja kwenye spika, kisha izungusheni kidogo kidogo, bila kufika robo mzunguko, hadi maneno yang’ae. Mkipita, yatafifia tena, basi rudini. Fanyeni hivyo kwa kila kaseti, na kwa kila upande ikibidi. Bisibisi isiwe na sumaku.

Kama pembe haisaidii, itazameni kaseti yenyewe. Katikati ya mdomo wake kuna kipande cha sponji kinachosukuma utepe ugusane na kichwa. Kwenye joto gundi hukauka na kipande hudondoka. Dawa ni kuuhamishia utepe kwenye ganda jipya lenye skrubu tano. Ganda la zamani lililogundishwa hupasuliwa taratibu kwenye ungio kwa kisu chembamba. Utepe ukiwa umekatika, ungeni kwa utepe maalumu wa kuungia wenye upana wa mm 3.8. Selotepu ya dukani hutoa gundi, ikazinatisha duara za utepe.

Mwisho, swichi. Zimeni Dolby, ile ya kupunguza mchacharo, maana arusi chache zilirekodiwa nayo. Swichi ya aina ya kaseti iwe kwenye kawaida, labda kaseti iwe ya kromu, inayotambulika kwa vijishimo vya ziada ukingoni. Ya kawaida ikichezwa kwa mpango wa kromu hupoteza ukali, na mtakuwa mmejivika blanketi wenyewe.

Kichwa na kile kipini cha chuma kinachovuta utepe visafisheni kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na pamba ya kijiti, baada ya kila kaseti tatu au nne. Gurudumu la mpira lifutwe kwa maji yenye sabuni kidogo, likauke.

*Nimekuta unga mweupe ndani ya kaseti za bibi. Nizicheze?* (Msomaji, Unguja)

La. Huo ni ukungu, na deki itaueneza kwa kaseti zote zitakazofuata. Zitenge ndani ya boksi lenye kifuniko pamoja na vifuko vya silika kwa siku kadhaa hadi zikauke. Kisha, ukiwa nje na umevaa barakoa, fungua ganda, futa kingo za utepe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, uuhamishie kwenye ganda safi. Tumia deki mbovumbovu kwa mzunguko wa kwanza. Usizioke kwenye oveni kwa kuwa umesikia matepe huokwa. Tiba hiyo ni ya aina nyingine za tepe, na ganda la kaseti hupinda.

*Katika sanduku la mama mna kaseti za vugo, ngoma ya arusi ya wanawake, na za usiku wa hina. Wanangu wanataka kuziweka mtandaoni, wanasema ni utamaduni wetu. Moyo wangu unasita.* (Mama wa Lamu)

Shikamoo, mama. Moyo wako umeona sawasawa.

Nyimbo zile ziliimbwa wanawake wakiwa peke yao. Mna mafunzo ya bi harusi, mna mafumbo ya kumchoma mke mwenza au jirani, na huenda waliochomwa wangali wanakutana dukani. Mwimbaji aliyekubali redio iwekwe mkekani hakukubali kusikika na dunia nzima. Hamisheni, kwani utepe hautasubiri, lakini kazi hiyo aifanye fundi wa kike, na mafaili yakae kwenye diski ya familia. Kisha waiteni waliobaki, wasikilize, waseme ipi itoke na ipi isitoke. Jibu la kila mmoja liandikwe, na aliyekataa asisukumwe.

Sheria nayo ipo. Kenya ina Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Utamaduni ya 2016, inayodai ridhaa ya jamii yenye mali. Kwa nyimbo zenye mtunzi, hakimiliki hudumu maisha yake na miaka 50 baada ya kifo, Kenya na Tanzania Bara pia. Mtunzi aliyefariki 1995 maneno yake yanalindwa hadi mwisho wa 2045, hata kama kaseti umeinunua kwa pesa yako. Ofisi za hakimiliki za kuuliza ni KECOBO kwa Kenya, COSOTA kwa Bara, COSOZA kwa Zanzibar.

*Tumekubaliana marafiki watano. Tupange bei vipi, na tugawane vipi tusigombane?* (Msomaji, Tanga)

Bei ianze kwenye dakika. C60 moja inataka 15 za kuitayarisha, 60 za kuicheza, na 25 za kukata nyimbo na kuandika majina: jumla 100. Mtu mmoja atamaliza nne kwa saa nane. Wawili, mmoja kwenye deki na mwingine akikata iliyotangulia, watamaliza sita. Gawanya kodi, umeme, intaneti na mishahara ya siku kwa idadi hiyo, ongeza fungu la belti na diski. Msitoze kwa “sanduku”, kwa sababu sanduku moja lina kaseti kumi zilizokatika.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na urafiki hauandiki risiti. Kabla ya kusajili jina la duka BRELA, wakala wa usajili wa biashara, andikeni nani ameleta deki, kama ni ya duka au ameiazima, nani anaweka saini benki, na anayetoka analipwa nini. Katika ubia wa kawaida, deni la duka ni deni la kila mmoja wenu. Ambaye hana mtaji asiachwe nje: anayemjua kila mpiga ngoma kwa sauti yake ana kazi ambayo kompyuta haiiwezi.

Kazi hiyo mwipange barazani, saa mbili kwa wiki, kaseti zisizidi mbili. Daftari liwe na mwimbaji, mtunzi wa maneno, mtunzi wa muziki, wapigaji, nyumba ya arusi na mwaka. Ukiuliza “mwaka gani?” utajibiwa “zamani”. Uliza kama ilikuwa kabla au baada ya Vita vya Kagera, kabla au baada ya vyama vingi. Anayejibu arekodiwe kwa simu papo hapo, na faili lake lipewe namba ileile ya kaseti.