Granaiti au marumaru, na fundi yupi?

Dada, umeuliza uchukue ile marumaru nyeupe au granaiti kwa jiwe la kufunika juu ya makabati ya jikoni, na kama umwamini fundi aliyekupa bei kwa simu. Kwa jiko la kila siku, chukua granaiti. Marumaru haipatani na ndimu wala ukwaju: tone likikaa kidogo linaacha alama iliyofifia, na hapo usugue mpaka jioni, haitoki.

Usichague kwa kipande cha sampuli. Nenda yadi wanakouza mawe ukaone bamba zima, lidondoshee maji, subiri dakika 10. Palipolowa pakiwa peusi zaidi, jiwe linanyonya, litahitaji kupakwa dawa ya kuzuia madoa. Uliza pia unene: bei ya milimita 20 si ya 30.

Huyo fundi aje apime mwenyewe, makabati yakishafungwa mahali pake. Wangu alipima mapema. Ukuta kumbe umepinda, pakabaki mwanya wa kupitisha kidole nyuma ya sinki. Nimeuziba kwa silikoni, na kila nikiosha vyombo nauona. Akuonyeshe kazi aliyokwisha kufanya, upapase maungio na kona za tundu la sinki. Na akate kwa maji, vumbi la granaiti linaharibu mapafu.