Uliza Anti: Nilifuata nozo moja, nikarudi na mashine

Mwezi huu meseji zenu nyingi zimeangukia sehemu moja, hobi. Mchele na sabuni mnajua kuvibana, mnahesabu mpaka shilingi hamsini, ila ikifika kwenye keki, nyuzi na ndoano watu wazima na akili zao wanatoa hela bila hata kuuliza bei ya jirani. Nimechagua maswali manne. Mi mwenyewe niliwahi kuuza duka la vitambaa na nyuzi pale Mwanga, hapa Kigoma, kwa hiyo mengine naongea nikiwa nimesimama nyuma ya kaunta, wenye maduka mnisamehe.

SWALI: Shikamoo Anti. Napenda sana kupika keki, sio biashara, ni raha zangu tu na bethdei za watoto wa majirani. Nilienda mjini kununua nozo moja ya kutengenezea maua maana ya zamani imepinda mdomo. Nikakuta mashine za kuchanganyia tatu zimepangwa mezani, ndogo 55,000, ya kati 95,000, kubwa 105,000. Nikaona kubwa ndo ya maana, kwa elfu kumi tu juu unapata na stendi na bakuli la chuma. Nimefika nyumbani ndo nakumbuka sikuwa nataka mashine. Na nozo sikununua! Toka hapo nimeshaongeza meza ya kuzungushia keki na mzani wa kidijitali. Nina shida gani mimi?
*Mpika Keki, Gungu*

JIBU: Marahaba mwanangu. Shida huna, ila angalia tena zile bei tatu. Ile ya kati nani anainunua? Hakuna, na mwenye duka anajua hakuna. Angeweka ndogo na kubwa peke yake ungesimama ukafikiri, maana tofauti ni elfu hamsini nzima, hiyo ni hela, ungebeba ndogo au ungeondoka na nozo yako. Akiiweka ya 95,000 pembeni, unaacha kulinganisha kubwa na ndogo unaanza kulinganisha kubwa na ya kati, na hapo kubwa inashinda asubuhi na mapema. Watafiti watatu wa Marekani, Huber, Payne na Puto, waliliandika hili mwaka 1982, kwamba ukiongeza chaguo la tatu ambalo limezidiwa wazi wazi na mojawapo, watu wanahamia kwenye lile lililolizidi, hata kama hilo la tatu lenyewe haliguswi. Sisemi muuzaji wako wa Kigoma kasoma hiyo makala. Inawezekana kabisa mashine moja ilimjia na bei mbaya kutoka Kariakoo, akaona kumbe ikikaa pale katikati kubwa inatembea, basi akaiacha hapo hapo.

Meza ya kuzungushia na mzani ni habari nyingine, na ni ya zamani kweli. Mwaka 1769 mwanafalsafa Mfaransa Denis Diderot aliandika malalamiko yake kuhusu joho jipya la kuvaa nyumbani, lilikuwa zuri mno mpaka kiti chake, meza yake na picha za ukutani vikaonekana takataka, akawa anabadilisha kimoja kimoja, mwisho wa siku analililia lile joho kuukuu. Mwaka 1988 mwanaanthropolojia Grant McCracken akaipa tabia hiyo jina la Diderot. We ulinunua mashine kubwa, mashine kubwa ikaidharau meza yako ya plastiki. Sasa hivi oveni yako inasubiri zamu yake, nakwambia.

Na hapa ndipo watu wa hobi mnapowekwa mfukoni kirahisi kuliko mnunuzi wa kawaida. Mchele una mwisho wake, watu sita hawawezi kumaliza debe kwa siku, wakishiba wameshiba, lakini keki ya raha inaishia wapi? Hamna anayejua, kwa hiyo hamna siku utasema vifaa vimetosha. Wewe hununui chuma kinachozunguka, unanunua yule wewe anayepika keki ya ghorofa tatu kwenye harusi ya mjini na watu wanapiga picha. Ndo maana ukutani pale kuna mapicha makubwa ya keki za ghorofa na duka lenyewe haliuzi keki hata kipande!

Kwa hiyo fanya hivi, ukikutana na vitu vitatu vimepangwa, kifikirie kile unachokitaka kama kingekuwa peke yake mezani, ungekitolea hela? Na kifaa kipya kinunuliwe cha zamani kikishagoma kazi, sio kikishachosha macho. Hiyo nozo yako ingiza ncha ya kalamu ya risasi kwa ndani uzungushe taratibu, mara nyingi mdomo unarudi.

SWALI: Anti mambo vipi. Mi ni mtumishi wa serikali, Jumapili nikitoka kanisani nashuka kwenye mawe ya Bangwe na fimbo yangu navua, nikipata samaki kuhe mmoja wiki imekaa vizuri. Nilienda duka moja mjini kuulizia fimbo yenye ile mashine ya kukunjia mshipi, jamaa akaniambia "hii laki na themanini, ila we mteja wangu toa laki na ishirini". Nikambana mpaka laki na kumi, nikatoka kifua mbele. Juzi rafiki yangu kanunua ile ile, mpaka rangi ile ile, duka jingine, 70,000. Nimeibiwa? Naweza kumshtaki?
*Mvuvi wa Jumapili*

JIBU: Poa mdogo wangu. Hujaibiwa, umepigwa, na kupigwa sio kosa la jinai. Ushindi wako wa laki na kumi ulikuwa ushindi juu ya laki na themanini, na hiyo laki na themanini aliitoa mdomoni tu.

Kuna jaribio moja maarufu la wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman, waliliandika mwaka 1974. Walizungusha gurudumu la namba mbele ya watu, limetegwa lisimame kwenye 10 au kwenye 65, kisha wakawauliza nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya nchi zote za Umoja wa Mataifa. Walioona 10 jibu lao la katikati lilikuwa 25, walioona 65 likawa 45. Sasa gurudumu linajua nini kuhusu Afrika? Halijui kitu, ila namba ikishaingia kichwani mtu anaanza safari kutokea pale, anapunguza au anaongeza kidogo, haendi mbali. Kahneman alikuja kupata Nobel ya uchumi mwaka 2002, mwenzie alishafariki tangu 1996.

Mambo ya saikolojia ya bei mengi yanayosambaa mtandaoni yanazungumzia 9,900 badala ya 10,000, na ni kweli inafanya kazi, Thomas na Morwitz mwaka 2005 walionyesha jicho linakamata tarakimu ya kushoto kwanza, 9,900 inasomeka kama elfu tisa na kitu. Lakini hiyo inataka bei iwe imeandikwa. Kwetu maduka mengi bei iko kinywani kwa muuzaji, anakuangalia viatu, anaangalia simu uliyoshika, anasikiliza unavyoulizia ("naomba ile nzuri kabisa", hapo umeshajichongea) ndo anatoa namba. Kwa hiyo ile namba ya kwanza ndo mchezo wote. Dawa yake ni wewe kwenda na namba yako tayari. Piga simu maduka mawili, muulize mtu aliye Dar bei ya huko, ongeza nauli ya mzigo, halafu ukifika taja wewe kwanza kabla hajafungua mdomo, "nina sabini, unayo?" Akicheka mwache acheke.

Na niulize, alikupa uishike? Najua alikupa, akakwambia jaribu kurusha hapo nje. Peck na Shu walipima mwaka 2009 wakakuta mtu akishakigusa kitu anaanza kukiona chake na thamani yake inapanda machoni pake. Sisi Mwanga pale bila utafiti wowote kitenge hakikuachwa kimekunjwa rafuni, kinafunguliwa chote kinatupwa begani kwa mteja, kioo kiko hapo hapo mbele yake, "mwenyewe jione dada". Akishajigeuza upande wa pili kujiangalia mgongo tushajua kauza mwenyewe.

Kuhusu kushtaki, bei kubwa uliyoikubali mwenyewe haina kesi. Ila kama alikwambia ni kaboni halafu ikawa plastiki ya kawaida hapo ni kumpotosha mlaji, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza, Tume ya Ushindani, FCC, ndo wenye kazi hiyo. Utahitaji risiti. Ulidai risiti wewe? Haya.

SWALI: Mwanangu hujambo. Mimi ni mstaafu niko Ujiji, nafuma vitambaa vya makochi kwa krosheti, ndiyo starehe yangu. Kuna binti anauza nyuzi kaniunga kwenye grupu la WhatsApp, kila siku "zimebaki tatu tu", "mwisho leo saa mbili usiku", na mimi natuma hela. Sandarusi ya nyuzi iliyo chumbani imejaa mpaka mjukuu anaikalia kama stuli. Nitaachaje?
*Bibi wa Krosheti*

JIBU: Sijambo mama, shikamoo. Hiyo "zimebaki tatu" inampata kila mtu. Mwaka 1975 Worchel na wenzake waliwapa watu biskuti kutoka kwenye kopo lenye biskuti kumi au kopo lenye mbili, biskuti ni zile zile, walioonjeshwa za kopo lenye mbili wakazisifia kuwa zinatamanisha zaidi. Na kwenye grupu kuna jingine linaloongezeka, mwenzako mmoja akiandika "mimi nimechukua nne" na mwingine akatupia picha ya kitambaa chake kilichomalizika kiko kwenye kochi la maruni, hapo muuzaji kashapumzika, mnauziana wenyewe.

Ila mama, kwenye uzi nisiwadanganye, kuna wakati muuzaji anasema kweli. Chukua robota moja la uzi usome ile karatasi yake, utakuta namba ya rangi, na pembeni yake namba nyingine, hiyo ni ya awamu uzi ulipotiwa rangi. Namba ya rangi inaweza kuwa ile ile lakini awamu ikiwa tofauti, nyeupe ya leo na nyeupe ya mwezi ujao zinapishana kidogo, kwenye robota huoni, ukishafuma kitambaa kikubwa cha kochi la watu watatu unaona mstari kabisa pale ulipobadilisha. Kwa hiyo kama una kazi inayotaka robota sita nunua sita siku moja, zenye namba moja, hata kama unaona hela inatoka nyingi kwa mpigo. Hapo haraka ni halali. Haraka isiyo halali ni ile ya uzi ambao hujui utaufumia nini.

Basi muulize binti maswali mawili kabla ya kutuma hela, awamu namba ngapi na zipo ngapi za awamu hiyo. Anayeuza kwa haki atakupigia picha ya karatasi. Na ile "mwisho saa mbili usiku" iache ipite, asubuhi yake muulize kama bado zipo, uone atakavyokujibu haraka! Grupu lizime sauti tu, kutoka kabisa mtakosana bure. Sandarusi imwage yote kitandani upange kwa awamu, naamini humo ndani kuna makochi mawili yanakusubiri.

SWALI: Anti, mi niko upande wa pili. Nina duka dogo la vifaa vya keki na krosheti Tabora mjini. Nataka nivunje kaunta wateja wajichukulie wenyewe, niongeze aina za nyuzi ziwe nyingi, na niweke spika mlangoni. Mume wangu anasema nitafilisika. Na hizi mbinu, ni dhambi?
*Mama Duka, Tabora*

JIBU: Kaunta kwanza. Mwaka 1916 kule Memphis, Marekani, Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly, kabla yake mteja alikuwa anamsomea karani orodha na karani anamletea, yaani kama maduka yetu mengi mpaka leo. Yeye akampa mteja kikapu na njia moja ya kupita, huwezi kufika kwa keshia bila kupita mbele ya kila kitu kilichomo. Mtu wa kaunta ananunua alichokitaja, mtu wa kikapu ananunua na alichokiona. Kwa hobi hiyo ni hela. Ila nozo na sindano za krosheti ziache kwenye kabati la kioo, ni ndogo mno, zinaingia mfukoni bila mtu kujua.

Aina nyingi, polepole. Iyengar na Lepper mwaka 2000 waliripoti meza ya jemu kwenye supamaketi California, zikiwa jemu 24 watu wengi zaidi walisimama ila walionunua ni kama 3 kwa mia, zikiwa 6 ni kama 30 kwa mia. Watu wanaitaja hiyo kama msahafu, lakini mwaka 2010 Scheibehenne na wenzake walikusanya majaribio hamsini ya namna hiyo wakakuta kwa wastani hakuna athari ya maana. Maoni yangu, mfumaji raha yake ni rangi, anataka kusimama pale achague mpaka achoke, kinachomchanganya ni aina. Bora rangi ishirini za uzi mmoja kuliko aina nane zenye rangi mbili mbili.

Spika, unapiga nini? Milliman alijaribu mwaka 1982 kwenye supamaketi, muziki wa taratibu uliwafanya wateja watembee polepole na mauzo yakapanda asilimia 38 kulinganisha na muziki wa haraka. Ukipiga singeli mlangoni watu watakuja kweli, watacheza, watapita.

Dhambi sio kupanga vitu vizuri, dhambi ni kuandika "zimebaki mbili" na stoo kuna boksi. Na Tabora ilivyo, mtoto atakayekuja kubeba hilo boksi ni mtoto wa mteja wako.

Mume wako muulize anaogopa nini hasa. Kama ni kaunta, mtulize. Kama ni mtaji wa rangi mpya basi ana hoja, uzi wa rangi ya ajabu unaweza kukaa rafuni mpaka upande unaopigwa na jua unafifia na hapo hata kwa nusu bei hautoki. Anza na nyeupe, krimu, maruni na dhahabu, hizo ndo zinazotembea kwenye makochi, rangi nyingine agiza robota chache chache uone mkono wa wateja unaenda wapi. Na bei andika, kwa namba kubwa.