GPIB: anwani ni 31, lakini vifaa ni 15
GPIB ni basi, yaani nyaya za pamoja zinazounganisha kompyuta na vifaa vya kupimia. Mwisho ni vifaa 15, na kompyuta inayoongoza imo humo, kwa hiyo zinabaki nafasi 14 za multimita, osiloskopu na wenzao. Anwani 0 hadi 30 zisikuchanganye, hizo ni namba za kuitana tu. Kinachobana ni umeme: nyaya ni za pamoja, kila kifaa kina rezista zake zinazoongeza mzigo kwenye kila waya, na anayetaka kuushusha waya volti lazima auweze mzigo wa wote. Ndivyo kiwango cha IEEE 488 cha 1975, kilichotokana na HP-IB ya Hewlett-Packard, kilivyopangwa.

Kebo nayo ina hesabu yake: mita 2 kwa kila kifaa, jumla isizidi 20. Vifaa vinne, kompyuta ikiwemo, ni mita 8, hata kama meza ni ndefu. Halafu angalau theluthi mbili ya vifaa viwe vimewashwa. Hili wengi hulipuuza, kisha wanalaumu programu.

Ila hata 14 ni wengi ukitaka kasi. Data husubiri msikilizaji (kifaa kinachopokea) mzembe kuliko wote: asipoachia waya wa “niko tayari”, baiti inayofuata haitoki. Ukihitaji vifaa zaidi ya 14, weka kadi ya pili ya GPIB kwenye kompyuta. Hilo ni basi jingine kabisa, anwani zinaanza upya.