Kuikosoa nchi yako si kuisaliti

Ndugu, umeuliza kama mwananchi anayekosoa mila na siasa za nchi yake mbele ya wageni anaisaliti. Kwa maoni yangu haisaliti, ila anawajibika kukosoa kwa usahihi. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa mwaka 1981 unampa kila mtu, katika ibara ya 9, haki ya kutoa na kusambaza maoni yake kwa kufuata sheria. Na ibara ya 29, inayotaja wajibu wa mtu, inamtaka ahifadhi maadili mema ya utamaduni wa Kiafrika kwa moyo wa uvumilivu na mazungumzo. Hivyo hata wajibu huo haudai kila desturi ilindwe, na ni lazima tujadiliane ipi ibaki.

Kinachonisikitisha zaidi ni utamaduni kutupiwa lawama wakati kosa ni la utawala. Mtu huona wananchi wakisukumana dirishani katika ofisi ya umma, akatangaza kwamba watu wetu hawana ustaarabu, bila kuuliza kwa nini namba hazigawiwi, kwa nini limefunguliwa dirisha moja tu, na kwa nini aliyefika mwisho anahudumiwa kwanza kwa kuwa anafahamiana na karani. Lawama ile haimwajibishi yeyote, ilhali maswali haya yana mhusika anayepaswa kuyajibu. Kuhusu wageni, sioni ubaya wakisikia, mradi unayowaambia uwe tayari kuyasema pia mbele ya wananchi wenzako, ambao wanaweza kukusahihisha.